Mwembamba na Aliyekonda

Miaka ya 1980, katika msitu wa Ituri, kaskazini-mashariki mwa Kongo ambayo wakati huo iliitwa Zaire, wanawake wa Kilese walikuwa wakitema mate kwenye vichupa vya plastiki. Walese ni wakulima. Hukata msitu, huchoma, hupanda muhogo, ndizi, karanga na mpunga, na mtu wa pwani akifika huko ataelewana nao kwa Kingwana, Kiswahili cha kule ndani. Mate yale yalitiwa dawa ya kuyahifadhi, yakafungwa, yakasafirishwa hadi Marekani, kwenye maabara ya Peter Ellison, mwanaanthropolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard. Hapakuwa na sindano wala friji. Ilihitajika subira tu, na wanawake waliokubali kutema mate wiki baada ya wiki.

Kilichotafutwa ndani ya mate ni projesteroni. Homoni hii haipandi hovyo. Yai likishatoka kwenye ovari, kile kifuko lilimokuwamo hakitupwi. Hugeuka kiwanda, na kwa muda wa takribani wiki mbili humwaga projesteroni ili kuuandaa mji wa mimba. Yai lisipotoka, kiwanda hakifunguliwi. Kwa hiyo mate ya mwanamke wa Ituri yalieleza jambo ambalo hata damu yake ya mwezi isingeweza kulieleza: kama mzunguko huo yai lilipevuka na kutoka, au la.

Majibu yalifuata ghala. Miezi ya kabla ya mavuno, akiba ikiisha, wanawake walipungua uzito, na kadiri walivyopungua, projesteroni nayo ikateremka. Mizunguko yenye yai ikawa michache. Hesabu za uzazi za eneo hilo zilikuwa na majira pia. Watoto hawakuzaliwa sawasawa mwaka mzima. Walese hawa hawakuwa wagonjwa wa kulazwa, na hakuna aliyewaita tasa. Walikuwa wanakonda, kama walivyokonda mwaka uliotangulia na ule wa kabla yake.

Kiswahili kina maneno mawili hapa, nasi mara nyingi tunayatumia kama pacha. Mwembamba ni umbo la mtu. Ndivyo alivyo, na huenda ndivyo mama yake alivyokuwa. Aliyekonda ametoka mahali. Jana alikuwa na kitu ambacho leo hana, ndiyo maana tukikutana naye tunashtuka: "Mbona umekonda, ulikuwa unaumwa?" Mwembamba hatumuulizi hivyo. Dai langu ni kwamba sehemu kubwa ya utata kuhusu uzito na upevukaji wa yai inatokana na kuyachanganya maneno haya mawili, na waliochanganya si watu wa mtaani peke yao.

Chukua mifano miwili ambayo kila msomaji anaweza kuijazia majina. Bibi wa kijijini, kimbaumbau tangu alipovunja ungo, kilo 46, amezaa watoto tisa na wote aliwanyonyesha. Binti wa mjini, kilo 62, sura imejaa vizuri, lakini miezi minne iliyopita alikuwa na kilo 74 na sasa hedhi imekata. Ukiwapandisha kwenye mizani, utamshuku asiyestahili.

Aliyelipa swali hili namba ni Rose Frisch, naye wa Harvard. Mwaka 1974, pamoja na daktari Janet McArthur, alichapisha katika jarida la Science hoja iliyotikisa watu: msichana huhitaji mafuta yafikie kiasi cha asilimia 17 ya uzito wake ndipo avunje ungo, na kiasi cha asilimia 22 ndipo mzunguko wake udumu. Alionyesha pia kwamba kupoteza asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa kawaida kunatosha kukata hedhi. Mantiki yake ilikuwa ya mama mwenye nyumba. Mimba hugharimu makumi elfu ya kalori, na kunyonyesha ni gharama nyingine kila siku kwa miezi na miezi. Mwili usio na akiba hauna sababu ya kukaribisha mgeni.

Hoja ilikuwa nzuri mno. Wakosoaji waligundua kwamba Frisch hakuwa ameyapima mafuta yenyewe. Aliyakadiria kutokana na urefu na uzito. Tena wapo wanawake wengi walio chini ya mpaka huo ambao mayai yao hupevuka bila shida, na wengine walio juu yake ambao hayapevuki. Hata hivyo namba ya 22 ilishika. Ni rahisi kuikumbuka, na bado utaisikia vyumba vya mazoezi ikitajwa kana kwamba imeandikwa kwenye jiwe. Mimi naona Frisch alikuwa sahihi kuhusu jambo na hakuwa sahihi kuhusu kipimo. Ile asilimia 10 hadi 15 ya kupoteza, ambayo watu huipita haraka wakikimbilia 17 na 22, ndiyo iliyostahili kukumbukwa, kwa sababu yenyewe inazungumzia kukonda.

Mwaka 1980, katika jarida hilohilo, mtaalamu wa idadi ya watu John Bongaarts aliuliza swali ambalo mtu yeyote wa huku kwetu angeliuliza: kama wembamba unazuia uzazi, mbona maskini wanazaa? Jibu lake lilikuwa kwamba utapiamlo wa muda mrefu, ule wa kiasi ambao watu huishi nao miaka yote, hupunguza uwezo wa kuzaa kidogo sana. Njaa kali ya ghafla ndiyo inayoupiga.

Njaa kali ya ghafla ilirekodiwa vizuri Uholanzi. Majira ya baridi ya 1944 na 1945, chini ya uvamizi wa Wajerumani, chakula kilichoingia miji ya magharibi kilizuiwa. Mgao wa mtu mzima ulishuka chini ya kalori 1,000 kwa siku mwezi Novemba, kisha ukacheza kati ya 400 na 800 hadi majeshi ya ukombozi yalipofika Mei. Hawa hawakuwa watu waliozoea njaa. Walikuwa wenye afya, waliokula vizuri miaka michache kabla, na katika nchi iliyoandika kila kitu kwenye daftari. Karibu nusu ya wanawake walikosa hedhi, na miezi tisa baadaye wodi za wazazi zikawa tupu kwa kiasi kisichofichika. Uzazi ulishuka zaidi kwa wake wa vibarua kuliko kwa wenye fedha, maana tajiri hata wakati wa njaa huwa na kitu cha kubadilishana na mkulima. Chakula kiliporudi, mimba zikarudi baada ya muda mfupi. Leningrad iliyozingirwa na Wajerumani tangu 1941 ilipitia jambo la aina hiyohiyo. Madaktari wa Ujerumani walikuwa wameshaliona tangu Vita vya Kwanza vya Dunia, wakalipa jina: ukosefu wa hedhi wa vita.

Huku Afrika Mashariki hatuna haja ya vita ili tuone mfano. Waturkana wanaohamahama na mifugo kaskazini mwa Kenya ni miongoni mwa watu ambao uzazi wao hufuata misimu kwa ukali mkubwa. Mimba hutunga zaidi pale mvua inapokuwa imeleta majani, na majani yakaleta maziwa. Lakini hapo tuwe waangalifu. Ukame pia huwatenga wanaume na wake zao, mmoja yuko na ngamia kule mbali, mwingine na mbuzi karibu na maji. Ovari haiwezi kubebeshwa lawama yote.

Sasa mwili unajuaje? Mafuta hayana mdomo, na ubongo hauna mizani.

Kiini cha mambo kiko chini ya ubongo, sehemu iitwayo haipothalamasi, kwenye seli chache mno, kati ya 1,000 na 2,000 hivi. Seli hizo hutoa homoni si kwa mfululizo bali kwa mapigo, pigo moja kila dakika 60 hadi 90, kama mtu anayebisha hodi na kusubiri. Tezi ya pituitari huitikia kila hodi kwa kutuma homoni ya LH, nayo LH huamsha ovari. Ernst Knobil, aliyefanya kazi Pittsburgh na nyani wa rhesus miaka ya 1970, alionyesha kwamba mdundo ndio ujumbe wenyewe. Alipowapa nyani homoni ile pigo moja kwa saa, mayai yalipevuka. Alipowamiminia mfululizo, kila kitu kilizima. Mapigo yakichelewa, kwa mfano yakija baada ya saa tatu au nne, kifuko cha yai hakikui hadi mwisho na yai halitoki.

Anayepeleka habari za akiba kwa seli hizo alijulikana mwaka 1994, Jeffrey Friedman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walipoitambua leptini, homoni inayotengenezwa na mafuta. Kisa chake kilianza na panya. Tangu karibu 1950 maabara moja ya Marekani ilikuwa na ukoo wa panya wanene kupindukia, wenye kula bila kushiba, na wagumba. Mnene asiyezaa: kwa nadharia ya akiba, huyo hakupaswa kuwepo. Kumbe panya hao hawawezi kutengeneza leptini. Mwili umejaa mafuta, lakini hakuna mjumbe wa kupeleka habari, na ubongo unaamini kwamba wanakufa njaa. Walipodungwa leptini, majike wakashika mimba.

Jambo la leptini linalotuhusu zaidi ni kasi yake. Mtu akijinyima siku mbili tatu, mafuta yake yamepungua kwa kiasi ambacho hata mshonaji hatakiona, lakini leptini kwenye damu imeporomoka mara nyingi zaidi ya hapo. Leptini haisomi salio lililoko benki peke yake. Inasoma pia kama leo kuna kilichoingia. Ikiteremka, seli zinazotoa kispeptini, ambazo ndizo huzichokoza zile seli za mdundo, hunyamaza. Hapo ndipo bibi wa kilo 46 na binti wa kilo 62 wanapotengana. Bibi ana salio dogo lisilobadilika, na matumizi yake yamezoea salio hilo. Binti ana salio kubwa, ila kila siku anatoa kuliko anavyoweka.

Mwaka 2004 watafiti wa Boston waliwadunga leptini wanawake wanane waliokosa hedhi kwa sababu ya wembamba au mazoezi makali. Ndani ya miezi mitatu, watatu kati yao mayai yalipevuka bila kuongeza mlo. Ushahidi ukawa mkononi. Shida ni kwamba leptini huondoa hamu ya kula, na kumpa mwanamke aliyekonda dawa ya kumkondesha zaidi si tiba ya kupeleka hospitali za wilaya.

Anne Loucks wa Chuo Kikuu cha Ohio ndiye aliyeigeuza hoja hii kuwa hesabu inayoweza kufanywa jikoni. Aliwachukua wasichana wasio wanamichezo, wenye hedhi ya kawaida, akawawekea kiwango kamili cha chakula na mazoezi kwa siku tano, akawatoa damu mara nyingi kwa siku kuhesabu mapigo ya LH. Mazoezi peke yake hayakuharibu kitu, mradi kilichochomwa kilirudishwa kwenye sahani. Kilichoharibu ni kile kinachobaki baada ya mazoezi kulipwa. Kikishuka chini ya kalori 30 kwa kila kilo ya mwili usiohesabiwa mafuta, mapigo yalianza kusuasua. Siku tano tu! Hata hedhi iliyofuata isingekuwa imepata muda wa kuchelewa.

Tufanye hesabu. Mwanamke ana kilo 55, na robo ya hizo ni mafuta. Zinabaki kilo 41 na ushei. Mara 30 ni kama kalori 1,240. Hicho ndicho kiwango cha hatari, na kinahesabiwa baada ya mazoezi. Akikimbia asubuhi akachoma 500, basi mlo wa siku nzima wenye kalori 1,740 ndio unaomfikisha hapo ukingoni, na ili awe salama anahitaji kama 2,350 au zaidi. Gramu 100 za unga wa mahindi zina takribani kalori 360, kwa hiyo mbio zile za asubuhi zimekula unga karibu gramu 140 kabla hajaamua kama atakula ugali leo au ataacha kwa ajili ya tumbo. Anayekunywa maji ya ndimu asubuhi, akala mlo mmoja saa kumi jioni wenye mboga nyingi na kipande cha kuku, na katikati amekimbia, yuko chini ya ukingo huo hata kama mizani bado inamwita mnene.

Tafiti za baadaye zimeilainisha namba ya 30. Si ukuta. Uwezekano wa mzunguko kuharibika hupanda pole pole kadiri kinachobaki kinavyopungua, na wanawake hawalingani. Loucks mwenyewe alikuta umri una kauli: waliovunja ungo miaka mitano hadi minane iliyopita waliyumba, na waliokwisha kutimiza miaka 14 tangu kuvunja ungo hawakuyumba kwa siku tano zilezile. Msichana wa sekondari anayeshindana na wenzake kupunguza kiuno anachezea mtambo ambao bado haujakaza nati zake.

Watu wengi hupotea kwenye hatua zinazofuata. Yai huacha kutoka kabla hedhi haijaacha kuja. Dalili ya kwanza ya mwili kubana matumizi haionekani kabisa: yai linatoka, lakini kile kiwanda cha projesteroni kinafanya kazi siku chache na kufunga mapema, mimba ikakosa pa kujishikiza. Hatua ya pili yai halitoki, ila ovari bado inatengeneza estrojeni ya kutosha kujenga ukuta wa mji wa mimba, na ukuta huo ukibomoka damu inakuja, pengine kwa tarehe ileile. Mwanamke anaweka alama kwenye kalenda na anahesabu siku zake za hatari, siku ambazo hazipo. Kisha hedhi zinaachana, siku 38, siku 50. Mwisho zinakata. Anayekwenda kliniki siku zilipokata anasema tatizo lilianza mwezi uliopita, na kwa kweli lilianza mwaka uliopita.

Lugha ya nyumbani huligusa jambo hili kwa mlango mwingine. Wakubwa wetu wakiona hedhi imevurugika husema ni chango, na binti hupewa mizizi ya kuchemsha. Sitaki kuwacheka: kungwi mwenye busara, pamoja na mizizi, alikuwa akiagiza pia supu, uji wa maziwa na kupumzika, na najiuliza ni kipi hasa kati ya hivyo kilichoponya.

Siku hizi mizizi imepata mshindani. Mwaka jana nilikuwa kwenye foleni ya duka la dawa mtaani kwetu. Mbele yangu alisimama binti wa miaka kama 27, amevaa raba na fulana ya klabu ya jogging.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu."

"Naomba zile za kupevusha mayai. Shoga yangu alizitumia akapata mapacha."

Mama muuzaji hakuomba cheti. Alichukua klomifeni kwenye rafu, akakata karatasi yenye vidonge kumi, akaanza kuandika juu ya bahasha. "Unaanza siku ya pili ya hedhi."

Binti akacheka kidogo. "Sasa mama, hedhi yenyewe si ndiyo haipo? Tangu mwezi wa tatu."

Kalamu ikasimama. "Umepima mimba?"

Swali lilikuwa sahihi, ingawa lilichelewa. Na jibu la binti lilikuwa na maana kubwa kuliko wote wawili walivyojua. Klomifeni hufanya kazi kwa kuuhadaa ubongo: huziba macho yake yasiione estrojeni, ubongo ukadhani imepungua, ukaongeza mapigo. Hila hiyo inahitaji estrojeni iwepo ya kufichwa. Kwa aliyekonda hadi hedhi ikakata, estrojeni tayari iko chini na ubongo unajua. Dawa iliyompa shoga mapacha kwake mara nyingi haifanyi kitu. Shoga huenda alikuwa wa kundi jingine. Shirika la Afya Duniani liligawa matatizo ya upevukaji katika makundi matatu: la kwanza, amri kutoka ubongoni imefifia; la pili, amri ipo ila mawasiliano na ovari yamevurugika; la tatu, ovari zenyewe zimechoka. Kundi la pili, lenye PCOS (ugonjwa wa ovari zenye vifuko vingi) ndani yake, ndilo kubwa kuliko yote. La kwanza ni kama kumi katika mia. Klomifeni ni ya kundi la pili.

Na hapa ushauri wa mtaani hugongana. Mwanamke mnene mwenye PCOS akipunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito wake, mara nyingi mayai huanza kupevuka tena. Kwake kupungua ni tiba. Zile sindano mpya za kupunguza uzito, semaglutidi na ndugu zake, zimewapa wanawake kadhaa wa namna hiyo mimba ambazo hawakuzitarajia, na madaktari hushauri zisimamishwe walau miezi miwili kabla ya kutafuta mtoto. Kwa hiyo neno "punguza uzito utashika mimba" ni kweli kwa mmoja na sumu kwa jirani yake, na wote wawili wamelisikia kwenye saluni moja. Tanzania wote wawili wapo: uchunguzi wa afya wa kitaifa wa 2015 na 2016 ulikuta mwanamke mmoja kati ya kumi ni mwembamba kupita kiasi, na 28 katika mia wana uzito uliozidi.

Isisahaulike kwamba huku kwetu anayekonda bila kutaka ana sababu zinazotangulia dayati. Kifua kikuu hukondesha, na kikishuka kwenye nyonga huharibu mirija na mji wa mimba wenyewe. Virusi vya Ukimwi visivyotibiwa, kisukari, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, minyoo ya muda mrefu. Daktari anayemwambia mgonjwa wa namna hiyo "kula vizuri tu" hajafanya kazi yake. Na mfungo wa Ramadhani, ambao huulizwa kila mwaka? Kufunga kunahamisha saa za kula; kama futari na daku vinatosha, hesabu ya siku inaweza kubaki ileile. Nimekaa kwenye futari za pwani, mihogo ya nazi, tambi, kaimati, na sijaona upungufu.

Wakimbiaji wanastahili aya yao. Kwa miaka mingi katika riadha, msichana aliyekosa hedhi alihesabiwa kuwa amefika, mazoezi yamekolea. Mwaka 1984 Barbara Drinkwater wa Seattle na wenzake walipima mifupa ya wanariadha waliokatikiwa na hedhi. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 25. Uti wa mgongo wao ulikuwa na uzito wa mifupa wa mwanamke wa miaka 51. Estrojeni inayokosekana kwenye ovari hukosekana pia kwenye mfupa. Tangu 1992 hali hiyo, ya mlo pungufu, hedhi iliyokatika na mfupa dhaifu, ilitajwa kama utatu wa mwanariadha wa kike, na mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikaipanua ili iwahusu wanaume pia. Matokeo yaliyochapishwa 2016 kuhusu wasichana wakimbiaji wa Kenya yalikuta baadhi yao wana mlo pungufu na hedhi zilizovurugika. Mtu anaweza kudhani mwili wa nyanda za juu umeumbwa kwa mbio na hauna deni. Unalo.

Tiba haina siri, ina ugumu tu. Mwaka 2001 ilichapishwa kazi ya watafiti waliowafundisha nyani kukimbia hadi hedhi zikakata, kisha wakawaongezea baadhi yao chakula huku wakiendelea na mbio zilezile. Hedhi zikarudi, na aliyekula zaidi ndiye aliyewahi. Kwa wanadamu, kuongeza asilimia 20 hadi 40 ya mlo wa kila siku kumerudisha hedhi kwa wanariadha wengi bila kuwaachisha mazoezi, na uzito ulioongezeka haukuwa wa kutisha. Kwa waliopungua sana, hedhi nyingi hurudi uzito ukikaribia asilimia 90 ya ule wa kawaida kwa urefu wao, wakati mwingine miezi kadhaa baada ya kuufikia. Vidonge vya uzazi wa mpango huleta damu kila mwezi, lakini damu hiyo ni ya kidonge. Ovari bado imelala, na mwongozo wa 2017 wa madaktari wa homoni unashauri visitumike kwa ajili hiyo peke yake. Mwongozo huohuo unasema daktari asichochee yai kwa dawa mpaka BMI ya mwanamke, yaani kipimo cha uzito kwa urefu wake, ifike walau 18.5, maana mimba juu ya mwili uliokauka huelekea kuzaliwa kabla ya wakati, na mtoto huwa mdogo.

Halafu lipo jambo ambalo chakula peke yake hakilitibu. Sarah Berga, mwaka 2003, alichukua wanawake 16 wenye uzito wa kawaida waliokosa hedhi. Nane walipewa mazungumzo ya tiba kwa wiki 20: kuhusu kula, kazi, hofu ya kunenepa, kutaka kila kitu kiwe kamili. Nane walitazamwa tu. Kati ya wa kwanza, sita walianza tena kupevusha mayai. Kati ya wa pili, mmoja. Dhiki ya moyo na njaa ndogo hupita mlango mmoja kwenye haipothalamasi. Mwanamke anayejinyima huku mawifi wanamhesabia miezi tangu harusi anabanwa pande mbili.

Anayeanza kula tena hukaa akisubiri hedhi kama ishara kwamba amepona. Anaangalia kila anapokwenda chooni. Lakini mpangilio wa mwili ni ule ule uliosomwa kwenye mate ya Ituri: yai kwanza, kiwanda cha projesteroni kikafuata, na damu ni ya mwisho, wiki mbili baadaye, tena pale tu yai lilipokosa mwenza. Yai la kwanza baada ya kiangazi kirefu hutoka bila kupiga hodi. Wapo ambao hawakuiona kabisa ile hedhi waliyokuwa wakiisubiri. Walikwenda kliniki kulalamika kwamba bado haijarudi, na tumbo linawajaa, labda wamekula kupita kiasi, na muuguzi akawapa kikopo waende kukojoa.